Mwani na utumbo wa samaki kwenye bustani ya maweni: nichanganye vipi?

uwandani_kusini

Asalaam alaykum wanajukwaa. Nina matuta sita ya mboga upande wa mashariki ya Unguja, kila tuta mita 1 kwa mita 5. Udongo ni wa maweni: kina sentimita 15 hadi 20, chini jiwe tupu, na ukiudondoshea siki unatoa povu. Kuna mchicha, bamia, nyanya na pilipili, na pembeni mipapai minne.

Samadi huku ni ya kugombania. Vinavyopatikana bure ni viwili. Kwanza masalia ya mwani, yaani vipande vilivyokatika kambani, kwenye kamba unakolimwa, na vile vinavyotupwa ufukweni baada ya upepo mkali. Pili, kila siku ndoo moja ya lita 20 ya utumbo, mashavu na vichwa vya samaki kutoka dikoni. Maranda ya mbao nayo yapo kwa seremala.

Naomba kujua:

1. Mwani ni lazima uoshwe? Maji ya kisima chetu yenyewe yana chumvichumvi.
2. Utumbo niufukie moja kwa moja kwenye tuta au nifanye mboji kwanza?
3. Naambiwa nitie jivu au chokaa kukata harufu. Ni sawa?
4. Majani machanga ya bamia yamekuwa manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Mwani utatibu?

mboji_na_maranda

Waalaykum salaam. Kwanza, hivi vitu viwili havifanyi kazi moja. Mwani ni wa potasiamu. Naitrojeni yake ni kidogo, fosforasi ni kidogo zaidi, na anayemwaga mwani peke yake kwenye mchicha akitegemea majani mapana atangoja sana. Naitrojeni iko kwenye utumbo na nyama ya samaki, tena hutoka haraka. Miba na vichwa vina fosforasi na kalsiamu, ila kwenye udongo unaotoa povu usitegemee sana hiyo fosforasi: miba huyeyushwa na asidi ya udongo, na maweni hayana asidi. Kusaga miba na kuitawanya juu ya tuta ni kazi bure kwako. Ipitishe kwenye mboji.

Swali la 2: kufukia moja kwa moja, kwako hapana. Utumbo unataka sentimita 30 au zaidi za udongo juu yake, la sivyo kunguru wataanza mchana na paka na kenge watamalizia. Kina chako chote hakifiki hapo. Halafu utumbo unaooza chini ya mizizi hula hewa ya udongo na kutoa amonia, na miche huungua kuanzia ncha za mizizi. Utaona mche umenyauka ilhali udongo una maji, watu wanazidi kumwagilia na mambo yanazidi kuharibika. Mahali pekee pa kufukia ni kwenye mipapai, kama kuna mwanya kwenye jiwe wenye kina cha nusu mita na uko sentimita 60 kutoka shinani. Weka tabaka la utumbo lisilozidi sentimita 8, juu yake maranda, kisha udongo, kisha jiwe zito.

Iliyobaki yote iende kwenye lundo. Lenye mita 1 kila upande ndilo dogo kabisa linaloweza kushika joto. Chini ya hapo utumbo utaoza bila kuiva. Kwa ndoo zako za lita 20, hesabu ni ndoo 6 za samaki, 12 za mwani uliokatwakatwa na 30 za maranda. Kwa kila ndoo ya samaki, mbili za mwani na tano za maranda. Ukitumia majani makavu badala ya maranda, ongeza hadi ndoo nane, tena zilizoshindiliwa, kwa sababu ni mepesi na ndoo yake haina kitu. Seremala umuulize mbao zake: maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, au vumbi la mbao za gundi, usiyachukue.

Chini kabisa tandika makuti na matawi makavu, sentimita 20, ili hewa ipite. Kisha maranda sentimita 10, samaki tabaka jembamba lisilozidi sentimita 5, mwani, maranda tena. Samaki asifike ukingoni. Mwachie sentimita 20 kila upande, kwani nzi hutaga pale ambapo harufu inatokea. Juu funika na sentimita 15 hadi 20 za maranda matupu au mboji ya zamani. Kwa kuwa unapata ndoo moja kwa siku, jenga lundo siku kwa siku, lakini kila ndoo ifunikwe saa ileile inapofika. Utumbo uliolala kwenye ndoo hadi kesho yake katika joto la huku utakuja na mayai ya nzi ndani, na maranda hayatasaidia.

Unyevu: chukua konzi, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza maranda. Samaki na mwani vina maji mengi tayari, kwa hiyo makosa ya kawaida hapa ni kumwagilia lundo ambalo halina kiu.

Siku ya tatu au ya nne baada ya lundo kujaa, chomeka nondo ya urefu wa mita moja hadi katikati, iache dakika kumi, ichomoe na uishike. Ikiwa huwezi kuishikilia zaidi ya sekunde chache, joto limefika nyuzi 55 na kwenda juu, na hapo ndipo vijidudu na mayai ya nzi hufa. Nondo ikiwa vuguvugu tu, ama lundo ni dogo, ama samaki ni wachache, ama limeloa likakosa hewa. Usilipindue kabla ya wiki mbili, maana utafunua samaki ambao hawajalainika na mtaa mzima utajua. Baada ya hapo pindua kila siku kumi, ya nje iende ndani. Wiki 10 hadi 12 inakuwa nyeusi, inanuka udongo, na miba inavunjika kwa vidole. Vichwa vya jodari na nguru hubaki na mifupa migumu. Ichekeche, uirudishe kwenye lundo linalofuata.

Lundo hilo likishuka hubaki kama nusu, yaani ndoo 25 hivi. Matuta yako ni mita 30 za mraba. Ndoo moja kwa kila mita 2 za mraba inatoa unene wa sentimita 1, kwa hiyo ndoo 15 zinatosha msimu mmoja na zinazobaki ni za mipapai.

Jivu na chokaa: usitie kabisa. Ni kweli harufu ya uvundo hupungua, lakini vyote viwili hupandisha pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua), na pH ikipanda naitrojeni ya samaki hugeuka amonia na kuruka hewani. Ile harufu kali inayochoma macho ndiyo mbolea yako inakimbia. Isitoshe udongo wako umejaa chokaa tayari. Dawa ya harufu ni maranda, na kama hayatoshi ni maranda tena.

mpwani_001

Mimi kwenye kuosha mwani nina neno. Huko Ireland, visiwa vya Aran ni jiwe la chokaa tupu, na watu wa kule walitengeneza mashamba juu ya jiwe kwa kubeba mchanga na mwani mgongoni, tabaka juu ya tabaka, wakapanda viazi. Hawakuwa na muda wa kuosha. Sasa kwa nini sisi tujisumbue?

BiShamba_Tanga

Mpwani, mfano wako ni wa kweli na unamfaa sana huyu ndugu mwenye maweni. Lakini kule mwani huwekwa majira ya baridi, unanyeshewa miezi kadhaa, ndipo wanapanda. Waliooshewa ni wao, na aliyewaoshea ni mvua. Ukiuchukua leo ufukweni, ukautandaza leo kwenye pilipili wakati wa kiangazi, na juu yake ukamwagilia maji ya kisima yenye chumvi, hakuna kinachoondoka. Maji yanaruka na jua, chumvi inabaki.

Kwa hiyo jibu la swali la 1 linategemea msimu. Wakati wa masika usijisumbue: tandaza mwani juu ya makuti mahali penye mteremko, mbali na matuta na mbali na kisima, unene wa sentimita 10, upigwe na mvua kubwa tatu au nne. Ugeuze mara moja katikati. Utaona umepauka na kulegea. Kiangazi, uloweke. Pipa la lita 200, mwani nusu pipa, maji hadi juu, saa moja, mwaga, rudia. Usiuache humo kutwa, kwa sababu potasiamu nayo huyeyuka na kuondoka pamoja na chumvi, na utabaki na makapi. Maji yenye chumvichumvi kidogo yanaweza kufanya mkupuo wa kwanza, kwani bado ni matamu kuliko bahari. Mkupuo wa pili uwe wa maji ya mvua au ya mfereji.

Kabla ya kuosha, kung'uta mchanga. Kilo nyingi za mwani wa ufukweni ni mchanga wa chokaa, yaani unaibebea maweni chokaa zaidi. Mwani unaotoka kambani hauna mchanga, na kwa udongo wako huo ndio bora.

Tofautisha pia mwani na majani ya bahari, zile nyasi ndefu zenye mizizi na vifundo zinazojaa ufukweni. Hizo huoza polepole mno. Zioshwe, zikauke, zitumike kama matandazo juu ya tuta. Kwenye lundo zitahesabika upande wa maranda, si upande wa mwani. Mwani wa kahawia wenye vipovu vidogo vya hewa, Sargassum, unajulikana kwa kuhifadhi arseniki. Kidogo kwenye lundo si neno, ila usiufanye mbolea ya kila msimu kwenye mboga. Na popote panapotoka maji taka, au pembeni ya gati la boti, mwani wa hapo uachwe.

Usikwangue ufukwe wote hadi ukabaki mchanga mtupu. Chukua ule wa juu, wa mstari wa mwisho wa maji makuu, na palipo na alama za kasa usiguse.

Kujua kama mboji ina chumvi: chukua vikopo viwili, kimoja mboji yako iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo mzuri, kingine udongo huohuo peke yake. Panda maharage kumi kila kimoja. Maharage hayavumilii chumvi, ndiyo maana yanafaa kwa kupimia. Mchicha utakudanganya kwa sababu unavumilia. Yakiota sawa na majani mawili ya kwanza yakawa safi, mboji iko tayari. Yakiota nusu, au kingo za majani zikikauka kama zimechomwa, iache mboji inyeshewe tena. Mwenye kipima chumvi cha mkononi achanganye kikombe 1 cha mboji na vikombe 5 vya maji ya mvua, atikise, aache itulie, apime. Chini ya 1 mS/cm (millisiemens kwa sentimita) ni salama hata kwa miche. Juu ya 2 subiri.

Swali la 4. Njano kwenye majani machanga na mishipa ya kijani ni upungufu wa chuma, na kwenye udongo wa chokaa chuma kipo ila kimefungwa. Mwani hautatibu, chuma chake ni kidogo na kitafungwa vilevile. Mboji ikizoeleka msimu hata msimu husaidia. Kwa sasa pulizia feri salfeti, gramu 50 kwa lita 10 za maji, jioni jua likipoa, urudie baada ya wiki mbili. Ukipuliza mchana majani yatapata madoa meusi. Ukitaka ya kumwagia udongoni, muulize muuzaji wa pembejeo chuma cha EDDHA, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali ili chokaa isikifunge. Cha EDTA ni rahisi kupatikana lakini kwenye pH ya maweni hakidumu.

uwandani_kusini

Shukran sana, Bi Shamba na wengine. Nina mawili zaidi. Nyanya za tuta la mwisho zinaoza kitako, doa jeusi gumu chini ya tunda. Tuta hilo lilikuwa na mwani mbichi chini. Nimeambiwa ni ukosefu wa kalsiamu nitie maganda ya mayai, lakini udongo si umejaa chokaa? Na pili, kuna njia ya kugeuza hawa samaki wa kila siku kuwa mbolea ya maji? Maranda ndoo 30 si kila wiki.

BiShamba_Tanga

Maganda ya mayai yaache. Kalsiamu imejaa udongoni, isipofika kwenye tunda ni kwa sababu inasafiri na maji tu. Chumvi ya mwani inazuia mzizi kunywa, potasiamu nyingi inagombania njia na kalsiamu, na udongo wa sentimita 15 unakauka asubuhi na kuloa jioni. Toa mwani unaoonekana, mwagilia tuta hilo maji matamu mengi mara mbili tatu ili chumvi ishuke, kisha weka matandazo ya unene wa sentimita 5 na mwagilia kidogokidogo asubuhi na jioni. Matunda yenye doa yachume, hayatapona. Ya mkupuo unaofuata yatakuwa safi.

dumu_la_samaki

Njia ya maji ipo, na kwa ndoo moja kwa siku ni nzuri kuliko lundo. Kinachofanyika ni kuchachusha kwa sukari, si kuozesha. Watu wengi wanaweka samaki na maji kwenye pipa, wanafunika, baada ya mwezi wanafungua uozo wenye funza na kusema njia haifai. Bila sukari, bakteria wa uozo ndio wanaotangulia. Ukiweka sukari ya kutosha, bakteria wa maziwa, wale wanaogandisha mtindi, wanatangulia, wanatengeneza asidi, pH inashuka chini ya 4.5, na uozo unasimama.

Kwa kilo 10 za utumbo na vichwa vilivyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, weka molasi kilo 1.5 hadi 2. Kama molasi hakuna, sukari guru kiasi hichohicho, ikiyeyushwa kwa maji lita moja. Ongeza nusu lita ya mtindi wa kienyeji. Maziwa ya pakiti yaliyochemshwa hayana kazi hapa. Changanya hadi kila kipande kiwe kimepakwa. Kipande kikavu kilichochomoza juu ndicho kinachoanza kuoza na kuambukiza vingine, kwa hiyo weka sahani na jiwe juu vizame.

Dumu lijae robo tatu tu. Kifuniko kikazwe nusu, au kitobolewe na kupitishwa mpira ambao ncha yake imezama kwenye chupa ya maji. Dumu lililokazwa kabisa litavimba siku ya pili na kupasuka siku ya tatu. Liwe kivulini, nje ya nyumba, na unapofungua usiinamishe kichwa ndani.

Koroga kila siku wiki ya kwanza. Siku ya tatu pima kwa karatasi ya pH. Harufu nzuri ni ya siki na samaki wa kuchachuka, si ya kupendeza lakini haisumbui jirani. Ukisikia mayai viza au amonia, sukari ilikuwa ndogo: ongeza nusu kilo ya molasi kwa kila kilo 10, koroga, upime tena baada ya siku mbili. Ukungu mweupe juu si tatizo, uzamishe. Funza wakionekana, kifuniko kina mwanya. Wiki nne nyama yote imeyeyuka yenyewe, kwa sababu vimeng'enya vilivyomo kwenye utumbo ndivyo vinavyoisaga. Ndiyo maana vichwa vitupu bila utumbo huchelewa sana.

Chuja kwa kitambaa, miba iende kwenye lundo. Mafuta yanayoelea yaenguliwe, maana huziba bomba la kupulizia na kupaka majani. Kumwagia shinani ni mililita 100 kwa lita 10 za maji, kila baada ya wiki mbili, udongo ukiwa umeshaloa. Kupulizia majani ni mililita 20 kwa lita 10. Mboga inayoliwa mbichi usiipulizie, mwagia chini tu na uache wiki mbili kabla ya kuvuna. Nyanya zikianza kuweka maua punguza iwe mara moja kwa mwezi, la sivyo utavuna majani.

Mwani nao una njia yake ya maji. Kule India, kituo cha utafiti cha CSMCRI kilichopo Bhavnagar kilibuni njia ya kukamua mwani mbichi wa cottonii, aina inayolimwa kwenye kamba: maji yake yanapuliziwa mazao, makapi yanakwenda kutoa karajinani, ute wa mwani unaogandisha. Kwenye majaribio yao wamepima asilimia 2.5 hadi 15 kwenye maji. Bustanini anza na asilimia 5, yaani lita 1 kwa lita 19. Twanga mwani uliovunwa siku hiyo na kuoshwa haraka, kamua kwa kitambaa, tumia kabla haujalala. Hapo potasiamu inapatikana bila kungoja. Usithubutu kuuchemsha ili utoe zaidi. Karajinani huyeyuka kwenye moto na ikipoa inaganda, utakuwa na pipa zima la kitu kama halua ambacho hakipiti hata kwenye mdomo wa ndoo.

Usichanganye maji ya mwani na ya samaki kwenye dumu moja la kuchachusha. Mwani una chumvi na sukari zake ni ngumu kwa hao bakteria, asidi inachelewa na samaki wanaanza kuoza. Changanya siku ya kutumia, kwenye ndoo.

mpwani_001

Sawa, kwa mvua mmenishinda. Swali dogo: kwenye ndoo ya dikoni humo humo huwa kuna bunju. Naye anaingia?

dumu_la_samaki

Bunju mtoe kwa glavu, pamoja na utumbo wake wote. Sumu yake haiondoki kwa kupika, usitegemee dumu wala lundo kuimaliza. Mfukie mbali na bustani, kwenye kina ambacho kuku na paka hawafiki. Waambie dikoni wasikuwekee, kwani ukishakatwakatwa utumbo wa samaki hauonekani ni wa nani. Na wewe uwandani, pitisha mkono kwenye mwani wa kambani kabla ya kuukata: tai-tai (nyuzi za kufungia mwani kambani) na vipande vya kamba za plastiki vitoe vyote, vikiingia kwenye mboji utaviokota tutani miaka kumi.